Kijiti Kile Kile

Mwaka wangu wa kwanza na kamera nilikuwa narudi nyumbani na picha za majani. Majani, maji, kipande cha anga, na pembeni doa jekundu lenye ukungu ambalo mimi peke yangu nilijua kuwa ni kereng'ende. Kamera ilikuwa nzuri, lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, nilikuwa nayo, na pupa nilikuwa nayo tele. Nikimwona ametua, nanyata. Nikibakiza hatua nne, huyo, ameruka. Namfuata alikotua, anaruka tena. Baada ya saa mbili nimelowa mpaka magotini, nimezunguka bwawa zima, na picha hakuna.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja mvuvi wa ndoana. Alikuwa amekaa juu ya jiwe tangu asubuhi, akiniangalia nikienda na kurudi. "Mwanangu," akaniambia, "huyo mdudu ana kijiti chake. Wewe unamfukuza, halafu unamfuata kule asikokaa. Kaa hapa pa kijiti chake, atakuja mwenyewe." Nikamwitikia, "Nimekusikia, mzee," kwa adabu zaidi kuliko kwa kuamini, nikakaa. Sikufika hesabu ya ishirini. Kereng'ende akarudi, akatua kwenye kijiti kile kile, ncha ile ile, kichwa kimeelekea upande ule ule. Akaruka, akanyakua kitu hewani, akarudi anatafuna. Siku hiyo nilipata picha yangu ya kwanza iliyo safi: macho yote mawili, mishipa ya mabawa, hata mguu wa kidudu alichokikamata ukiwa bado umetokeza mdomoni.

Miaka imepita, na nimekaa kando ya maji mengi: mabwawa, vijito vya msituni, madimbwi ya mvua ambayo mwezi ujao hayapo. Karibu kila nilichojifunza kimetokana na maneno yale. Ukijua mdudu anataka nini, utajua pa kukaa.

Ila si wote wana kijiti. Philip Corbet, mtaalamu aliyewachunguza kereng'ende kwa miongo mingi na ambaye miaka ya 1950 alifanya kazi Jinja, Uganda, aliwagawa katika makundi mawili: wale wanaokaa na kuruka mara moja moja, na wale ambao wakiwa kazini hawakai kabisa. Mgawanyo huu unamfaa mpiga picha kuliko kifaa chochote cha dukani. Yule mwekundu wa mzee, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la kisayansi kuwa ni Crocothemis erythraea, ni mkaaji. Dume lake ni jekundu tangu uso mpaka ncha ya mkia, na kwenye shina la bawa la nyuma kuna doa la rangi ya kaharabu. Ukimpata kijiti chake umempata yeye. Lakini Anax imperator, yule mkubwa mwenye mkia wa buluu, anaweza kupita juu ya maji mchana kutwa bila kutua mbele yako hata mara moja. Huyo nilipoteza miezi nikingoja atue.

Kwa Anax ilibidi nijifunze kutazama njia badala ya kijiti. Dume hushika doria. Anafuata mkondo ule ule kando ya matete, anageuka mahali pale pale, na kila baada ya mizunguko kadhaa husimama hewani kidogo, akielekea upepo. Nilikaa siku tatu mfululizo nikihesabu tu, kamera mapajani. Siku ya nne nilijua kwamba anasimama hewani karibu na ua moja la yungiyungi. Nikaweka fokasi kwa mkono kwenye umbali ule, nikapandisha kasi ya shata, kile kifuniko kinachopitisha mwanga kamerani, mpaka sekunde 1/2000, nikamngoja pale. Picha nyingi zilikuwa mbovu. Nne zilikuwa na jicho kali. Ukitegemea fokasi ya otomatiki kwa mdudu anayeruka mbele ya matete, mara nyingi itashika matete.

Kumkaribia mkaaji ni kazi ya namna nyingine, na hapa nitakawia maana ndipo watu wengi wanapokata tamaa.

Kereng'ende ana macho mawili makubwa, na kila jicho limejengwa kwa vijicho vidogo vingi mno, kwa baadhi yao hadi kama 30,000. Anaona mbele, juu, pembeni, na karibu nyuma yote. Hakuna upande wa kumvizia. Kinachomshtua hasa ni mwendo wa ghafla, kitu kinachokua haraka mbele ya anga, na kivuli kinachompitia. Kwa hiyo mimi siji nimesimama. Nainama mapema, mbali bado, ili umbo langu lizame kwenye majani nyuma yangu. Naangalia jua liko wapi kabla ya hatua ya kwanza, maana kivuli changu kikimfika kabla yangu, basi. Nasogea anapokuwa na shughuli: anapogeuza kichwa kufuata kidudu, au anapokuwa ameruka. Hii ya mwisho ndiyo siri kubwa kuliko zote. Akishaondoka kijitini, nasogea hatua mbili. Akirudi ananikuta tayari nipo, nimetulia, na kwake mimi ni sehemu ya ukingo. Akiondoka tena, hatua mbili nyingine.

Na yeye mwenyewe hukuambia kama amekubali. Akitua, mabawa huwa yamenyooka pande zote kama msalaba. Mtazame. Baada ya muda mfupi huyashusha kidogo, yakaja mbele. Anatulia. Anayashusha tena. Kila anaposhusha ni kama mtu anayeegemea kiti zaidi na zaidi. Yakiwa yamelala mbele na chini, huyo ametulia kweli, na hapo ndipo ninapoinua kamera, taratibu. Yakirudi juu ghafla, naganda hapo hapo nilipo, hata kama mguu mmoja uko majini. Mara nyingi huyashusha upya.

Nilipoanza kuwakaribia kwa namna hiyo niliona jambo ambalo picha zangu za mwanzo hazikuweza kuonyesha. Wengi wao wakitua hawatumii miguu yote sita. Wanakishika kijiti kwa minne, na ile miwili ya mbele wameikunja nyuma ya kichwa, imejibana kwenye shingo nyembamba kama mtu aliyeweka mikono kisogoni. Nilikuwa nimewatazama zaidi ya mwaka bila kuliona hilo. Sasa katika kila picha ya karibu naitafuta miguu ile kwanza.

Kuhusu kamera sina mengi. Lenzi ya milimita 100 ni nzuri alfajiri na kwa wale wadogo. Kwa mkaaji mwenye wasiwasi napendelea ya milimita 300 inayoweza kufokasi kwa karibu, kwa sababu inaniacha nje ya duara lake la hofu. Tundu la lenzi naliweka f/8 au f/11, yaani dogo kiasi. Lakini hata ukilibana tundu namna gani, kwa karibu vile kina cha ukali, yaani unene wa sehemu inayotoka bila ukungu, ni kidogo sana, labda milimita chache. Hivyo jambo la maana ni kuweka kamera sambamba na mwili wake: kama unampiga ubavuni, kioo cha mbele cha lenzi kitazame ubavu wote sawasawa, kichwa na ncha ya mkia viwe umbali mmoja kutoka kwako. Ukikosea kwa pembe ndogo tu, unapata jicho kali na mkia wa moshi. Na kama huna budi kuchagua, chagua jicho. Picha yenye jicho kali na bawa lenye ukungu bado ni picha; kinyume chake sijawahi kuihifadhi.

Jambo jingine ni mandhari ya nyuma. Sogeza kichwa chako upana wa kiganja kushoto au kulia, na unyasi uliokuwa unamkata kichwani huondoka, unabaki na maji ya kijani yaliyotulia. Nasema sogeza kichwa chako. Usisogeze unyasi. Nitaeleza baadaye kwa nini nalisisitiza hili.

Saa nazo zina mambo yake. Wengi huenda jua likiwa utosini kwa sababu ndipo wadudu wanapoonekana wengi, na kweli madume yamejaa majini saa hizo, yanagombana, yanafukuzana. Lakini mwanga ni mkali, mabawa yanametameta kama kioo, na kila mdudu ana kasi ya kutisha. Mimi mchana naenda kuona tu, siendi kupiga sana, isipokuwa kwa kitu kimoja: jua likizidi, baadhi yao huinua mkia juu kabisa, ncha ikilielekea jua, mwili wote umesimama kama mnara. Wanafanya hivyo ili jua liguse sehemu ndogo tu ya mwili wao wasichemke. Dume la zambarau la Trithemis annulata likisimama hivyo kwenye ncha ya tete ni picha ambayo nimeipiga mara nyingi na bado nikiiona nainama.

Saa yangu ni alfajiri. Kabla jua halijamgusa, kereng'ende hana nguvu ya kuruka. Misuli yake inahitaji joto. Ukimpata amelala kwenye nyasi, mabawa yamejaa umande, unaweza kufika sentimita 20 kutoka usoni pake, na hata kamera ya simu inatosha. Shida ni kumpata. Hawalali pale walipokuwa mchana. Wengi huondoka majini jioni, wakaenda kwenye nyasi ndefu zilizokingwa na upepo, upande utakaopata jua la kwanza. Kwa hiyo naenda jioni ya kuamkia siku ile, nakaa mbali na darubini, naangalia wanakotua saa ya giza. Asubuhi nakwenda moja kwa moja. Na nakumbuka kwamba mdudu wa saa hiyo hawezi kukimbia. Ndiyo sababu simgusi, wala simpulizii, wala simtikisi umande ili aonekane vizuri. Kuna watu huwakamata na kuwatia kwenye jokofu ili wapoe na kukubali kupangwa juu ya ua. Picha hizo nazitambua: miguu imekaa visivyo, kichwa kimeinama, na ua ni la mahali ambapo mdudu yule hana kazi nalo. Sizipendi hata zikiwa na mwanga mzuri kiasi gani.

Hao wote niliowataja ni kereng'ende wakubwa. Kuna ndugu zao wembamba, wale kama uzi, ambao watu hudhani ni watoto wa wakubwa. Si watoto. Kereng'ende akishapata mabawa hakui tena. Mdogo ni mdogo wa aina yake. Wembamba wana macho yaliyoachana, yako pembeni mwa kichwa kama vichwa viwili vya pini, mabawa yao manne yanafanana umbo, na wengi wakitua huyakunja juu ya mgongo. Kwa jumla, wakubwa kwa wembamba, duniani kuna zaidi ya aina 6,000 zilizokwisha kuelezwa.

Hawa wembamba ndio walionifundisha utulivu wa mikono. Wana ujanja mmoja: ukimkaribia aliyeshika unyasi, haruki, anazunguka. Anaenda upande wa pili wa unyasi ule, mwili wote unajificha nyuma yake kwa jinsi ulivyo mwembamba, na unachobaki kuona ni macho mawili yakichungulia, moja kushoto, moja kulia. Unahama, naye anahama. Nilihangaika na hilo mpaka nilipojaribu kupitisha kidole polepole upande wake, mbali kidogo, bila kumgusa. Akakikimbia kidole kwa kuzungukia upande wangu. Tangu hapo mkono wa kushoto unafanya kazi hiyo na wa kulia unashika kamera.

Kwao pia ndipo nilipoona kitu ambacho sikutegemea kukiona kwa macho. Jozi moja ilikuwa kwenye jani la yungiyungi: dume limemshika jike shingoni kwa vibano vilivyo nchani mwa mkia, limesimama wima hewani kama mlingoti, na jike linachoma mkia wake kwenye bua ili kutaga ndani yake. Jike likaanza kushuka. Likashuka mpaka kichwa kikazama, dume likaachia likaruka, na jike likaendelea kushuka chini ya maji, limevaa koti la hewa linalong'aa kama fedha. Niliona mng'ao wa anga tu kwenye kamera, sikumwona yeye, hadi nilipofunga filta ya polaraiza, kioo kinachokata mng'ao wa maji, na kuizungusha. Hapo maji yakafunguka. Alikuwa chini, kiasi cha urefu wa kidole, anatembea kwenye bua na kutaga. Nilipiga picha tano au sita, kisha nikaiweka kamera chini nikamtazama. Alipopanda juu, hewa ilimsukuma akaibuka kwa ghafla, akakaa juu ya jani akajikausha.

Ukitaka kujua kwa nini madume yanashikilia majike namna ile hata wakati wa kutaga, jibu lilipatikana mwaka 1979. Mtafiti Jonathan Waage, akiwachunguza wembamba wa Amerika Kaskazini wanaoitwa Calopteryx maculata, alionyesha kwamba kabla dume halijatia mbegu zake hutumia kiungo chake kuziondoa mbegu za dume lililotangulia. Anayeondoka mapema huweza kupoteza karibu kila kitu. Kwa mpiga picha hiyo ina faida yake: ukiona jozi imeungana, usihame. Kutaga kutafuata, na dume halitakuwa mbali. Lakini jike la Anax imperator hutaga peke yake, na ukilipata kwenye bua limetulia, ndiyo nafasi adimu ya kumpiga aina hiyo akiwa amekaa.

Picha nzuri na picha ya kumtambua mdudu si kitu kimoja, na hilo nililijua kwa uchungu. Nilikuwa na picha kama 200 za wembamba wa buluu, nyingine za kupendeza kweli, na karibu zote sikuweza kuzitaja kwa aina. Nilikuwa nimewapiga wote kutoka juu. Mkia wa kereng'ende, au tuseme fumbatio lake, una pingili 10, na katika wembamba tofauti ya aina na aina huweza kuwa ni pingili gani ina buluu na ipi ina weusi, au umbo la vile vibano vya nchani. Siku hizi kabla sijatafuta uzuri napiga tatu za kazi: ubavu wote, mgongo wote, na ncha ya mkia kwa karibu kadiri ninavyoweza. Uso pia, kama ananiruhusu. Rangi peke yake inadanganya. Dume changa mara nyingi lina rangi za jike. Likikomaa, baadhi ya aina hupata unga mweupe au wa buluu juu ya mwili kama wa zabibu. Na kereng'ende akifa rangi nyingi hufifia, buluu inakuwa kahawia. Picha ya aliye hai ndiyo inayoshika rangi aliyokuwa nayo.

Sasa ule unyasi.

Kabla ya kuwa na mabawa kereng'ende huishi majini, wakati mwingine wiki chache, kwa aina nyingine za nchi za baridi miaka kadhaa. Ni tunutu, mkali kuliko mama yake: ana mdomo wa chini uliokunjwa kama mkono, anaufyatua na kunasa mawindo kufumba na kufumbua. Siku ikifika, aghalabu usiku kwa wale wakubwa, hupanda bua nje ya maji na kulishika kwa kucha. Ngozi hupasuka mgongoni. Kichwa kinatoka, kifua, miguu, kisha anaanguka kinyumenyume na kubaki ananing'inia kichwa chini, ameshikwa na ncha ya mkia tu iliyo bado ndani ya ganda. Hukaa hivyo nusu saa na zaidi, miguu ikikauka. Halafu anajikunja juu kwa mara moja, anashika ganda lake, anautoa mkia, na mabawa yanaanza kujaa: meupe kama maziwa, yamekunjamana, yanajinyoosha mbele ya macho yako.

Mara ya kwanza kuliona hilo nilikuwa na tochi na kamera, na yeye alikuwa ananing'inia kichwa chini. Mbele yake kulikuwa na unyasi mmoja. Mmoja tu. Niliushika kuuweka kando, nao ukarudi kama kijiti cha mtego, ukagonga bua. Aliachia. Hakuanguka majini, alianguka kwenye matope. Nilimwokota kwa kipande cha jani nikamrudisha kwenye bua, akashika, nikashusha pumzi. Lakini bawa moja la mbele lilikuwa limegandamana na tope, na lilipojaa lilijaa likiwa limejikunja. Nilikaa naye mpaka kukapambazuka nikitumaini litanyooka. Halikunyooka, wala halingeweza, kwa sababu hilo ndilo gamba lake la mwisho, hana jingine la kujivua. Jua lilipotoka alitetemesha mabawa yote manne kupasha misuli moto, kama wafanyavyo wote, akajitupa hewani, akaanguka pale pale. Akarudia. Sisi wawili tulikuwa pale muda mrefu. Siisimulii hii kwa wepesi. Alikuwa ameishi majini muda wote ule, akawakwepa samaki, akafika usiku wake, nami nikamkuta hapo.

Baada ya usiku ule nilijiwekea mpaka. Kwenye bua lenye tunutu sigusi kitu chochote kilicho ndani ya urefu wa mkono wangu. Kama unyasi unaziba, unaziba. Mwanga wa tochi naufunika kwa kitambaa. Na kama ni eneo lenye maganda mengi, naingilia njia moja na kutokea njia hiyo hiyo, kwa sababu wengine wako chini ya mguu wangu, kwenye mabua ambayo sijayaona.

Siyo kila wakati tunakaa kando ya maji, hata hivyo. Kuna Pantala flavescens, yule wa rangi ya dhahabu iliyochujuka, ambaye hujaa juu ya viwanja na mashamba wakati wa mvua. Mabawa yake ya nyuma ni mapana kwenye shina, anaelea kama karatasi. Mwaka 2009 Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyekuwa akiishi Maldivi, aliandika juu ya makundi yao yanayotokea visiwani humo kila mwaka kuanzia Oktoba, mahali ambapo karibu hakuna maji yasiyo ya chumvi juu ya ardhi. Alihitimisha kwamba wanatoka India na kuivuka Bahari ya Hindi kuja Afrika Mashariki kwa upepo, na kwamba safari nzima ya kwenda na kurudi, inayokamilishwa na vizazi kadhaa, inafika kilomita 14,000 hadi 18,000. Nikijua hilo, kumwona amening'inia jioni kwenye kijiti kikavu, amechoka, mabawa yamechakaa ncha, hunifanya nizidi kupunguza mwendo uliokuwa tayari wa taratibu. Watoto wake hukua haraka, wiki kama sita, kwa sababu madimbwi ya mvua hayangoji. Niliwahi kumwona jike akigonga mkia wake juu ya boneti ya gari jeusi, tena na tena, akitaga. Boneti inarudisha mwanga kama maji yanavyourudisha, naye hana njia ya kujua.

Na kuna Brachythemis leucosticta, mdogo wa chini chini, dume lina utepe mweusi mpana kwenye kila bawa. Huyu huhitaji kumnyatia hata kidogo. Hufuata wanyama wakubwa wanaotembea nyasini ili anyakue vidudu wanavyovifumua, na mtu kwake ni mnyama mkubwa tu. Tembea kando ya bwawa na utawaona wamekuzunguka magotini, kumi, ishirini. Ukisimama, wanatua mbele ya miguu yako. Nilitembea nao jioni moja hadi giza likaingia, na kamera ilikuwa begani muda wote.

Usiku wa mwisho ninaotaka kuusimulia ni wa mwaka jana. Nilikuwa nimepata bwawa lenye maganda mengi ya Anax kwenye matete, nikajua wanatoka. Niliiweka stendi ya miguu mitatu kwenye maji ya kina cha kifundo cha mguu mapema, jua likiwa bado halijazama, nikafunga kamera ikitazama tete lililosimama peke yake, bila unyasi mbele yake. Nikakaa ukingoni juu ya turubai.

Saa tatu usiku tunutu wa kwanza alipanda. Hakupanda tete lile. Nilisikia mkwaruzo mdogo wa kucha juu ya chuma, nikafunua tochi kidogo, nikamwona kwenye mguu wa stendi yangu, anapanda kidogo kidogo, akipumzika, maji yakimdondoka. Alipofika karibu na komeo la kurefushia mguu alisimama, akajitikisa kushoto na kulia kupima kama ameshika vizuri, akatulia.

Kamera ilikuwa juu yake kabisa, imefungwa kwenye stendi, inatazama tete tupu. Kuifungua ningehitaji kukaza mkono kwenye kichwa cha stendi, na mguu ungetikisika. Nilikaa. Ngozi ilipasuka. Alianguka kinyumenyume akaning'inia, nami sikuvuka mpaka wangu. Alijikunja juu, akashika ganda. Mabawa yalijaa taratibu, meupe, kisha kama kioo chenye ukungu, kisha kioo. Tete mbele ya kamera lilipata wa kwake baadaye, saa sita hivi, na ningekuwa na kidude cha kufyatulia kwa mbali ningempiga; sikuwa nacho.

Kabla ya jua alitetemesha mabawa, muda mrefu, yakitoa mlio kama karatasi inayopeperushwa. Akaondoka kwa mstari ulionyooka juu ya matete. Nilipoingia majini kufungua kamera, ganda lilikuwa bado limeshika chuma kwa kucha za miguu yote sita, na kwenye ufa wa mgongo zilitokeza nyuzi nyeupe, nyembamba kama nywele, ambazo ni ngozi ya ndani ya mirija aliyokuwa akivutia hewa. Nilimpiga picha moja ganda lile. Kisha nikaikunja stendi miguu miwili, ule wa tatu nikauacha wazi mpaka nyumbani.